Mifupa ya wazazi wetu huku Mwanza: mwongozo wa kuikinga isivunjike

Mama mtu mzima akiteleza bafuni, akajikinga kwa mkono na kifundo kikavunjika, mtaani utasikia kauli moja tu: "Uzee huo." Anafungwa POP, anakaa nayo wiki sita, inatolewa, mambo yanaisha. Hakuna anayeuliza kwa nini mfupa umekatika kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama, pasipo kugongwa na gari wala kudondoka mtini. Swali hilo ndilo linalotakiwa kuulizwa. Mfupa unaovunjika kwa kishindo kidogo ni dalili ya ugonjwa, na ugonjwa wenyewe unapimika na unatibika.

Unaitwa osteoporosisi. Mfupa ni kitu hai: kila siku zipo seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa na nyingine zinazojenga upya. Hadi kwenye miaka 25 au 30 hivi, ujenzi unashinda. Baada ya hapo mizani inaanza kuinama upande wa pili, taratibu. Kwa mwanamke, hedhi ikikoma homoni ya estrojeni inashuka na ubomoaji unashika kasi. Katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Mwanaume naye hupoteza, ila polepole zaidi, ndiyo maana kwake hujitokeza umri ukiwa umekwenda. Mfupa wa namna hiyo ni kama mlango ulioingiwa na mchwa: nje rangi iko palepale, ndani pametoboka.

Tena hauumi. Wengi wanachanganya ugonjwa huu na magoti yanayouma asubuhi au vidole vinavyovimba. Hayo ni magonjwa ya viungo, yana tiba yake. Osteoporosisi hukaa kimya mpaka siku kitu kinapokatika, na mara nyingi hukatika sehemu tatu: kifundo cha mkono, pingili za uti wa mgongo, au nyonga. Duniani, mwanamke mmoja kati ya watatu na mwanaume mmoja kati ya watano waliovuka miaka 50 watavunjika mfupa kwa sababu hii. Nyonga ndiyo mbaya kuliko zote, na wanaume wanaovunjika nyonga hufariki kwa uwiano mkubwa kuliko wanawake. Kwa hiyo baba asidhani mwongozo huu ni wa mama peke yake.

Hatua ya kwanza: jua uko kundi gani

Kaa na mzazi wako mpitie haya pamoja, bila haraka. Je, amevuka miaka 50 na amewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka tu? Hedhi yake ilikoma kabla ya miaka 45, au alitolewa ovari? Mama yake au baba yake alivunjika nyonga? Ni mwembamba sana? Anavuta sigara, anakunywa pombe kila siku? Ana selimundu, ugonjwa ambao Kanda ya Ziwa tunaujua vizuri, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au ugonjwa wa figo wa muda mrefu?

Halafu fungua mfuko wa dawa. Prednisolone, dawa ya jamii ya steroidi, ikitumika zaidi ya miezi mitatu, hata kwa kiwango cha miligramu 5 kwa siku, hula mifupa. Wako wanaopewa na daktari kwa pumu au baridi yabisi, na hao wasiiache ghafla kwa sababu kuacha ghafla kunaweza kuua. Lakini wako pia wanaonunua dawa za jamii hiyo dukani ili wanenepe au wapate hamu ya kula. Hao waambiwe ukweli leo. Dawa za kifafa kama phenytoin na phenobarbital, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ikitumika miaka mingi, na tenofovir iliyomo kwenye ARV nazo hupunguza uimara wa mifupa kwa kiasi. Narudia: hakuna hata moja kati ya hizo ya kuachwa bila daktari. Kuzitaja ni ili daktari ajue, na ili hatua zinazofuata zichukuliwe kwa uzito zaidi.

Hatua ya pili: pima nyumbani kwa ukuta na kalamu

Msimamishe bila viatu, visigino na mgongo vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele. Kama kisogo hakigusi ukuta bila yeye kuinua kidevu, mgongo umeanza kupinda. Weka alama ya kimo chake kwenye fremu ya mlango, andika tarehe, rudia kila baada ya miezi sita. Aliyepungua sentimita 4 au zaidi kutoka kimo cha ujana wake ana uwezekano mkubwa kuwa pingili zimebonyea bila yeye kujua. Fundi cherehani wakati mwingine hutangulia kugundua kuliko daktari: gauni lililokuwa likimkaa vizuri sasa linaburuza mbele na kupanda nyuma.

Maumivu ya mgongo yaliyomkamata ghafla siku aliyoinua ndoo au kuinama kuchukua kitu, yakagoma kuisha, ni sababu ya kwenda hospitali. Usimpeleke kwa mtu wa kumkanda mgongo. Pingili iliyobonyea ikikandamizwa inaweza kuvunjika zaidi.

Hatua ya tatu: chakula

Hapa watu wa pwani ya ziwa tumebarikiwa, ila tunapishana na baraka yetu mlangoni.

Mtu mzima anahitaji kalsiamu miligramu 1,000 kwa siku. Mwanamke aliyevuka miaka 50 na mwanaume aliyevuka 70 wanahitaji 1,200. Kijana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji 1,300, kuliko hata bibi yake, kwa sababu ndiyo kwanza anajaza ghala. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama 300.

Sasa nenda Mwaloni, Kirumba, ukatazame yale magunia ya dagaa. Gramu 100 za dagaa wakavu walio wazima zina kalsiamu inayozidi miligramu 1,000, kwa sababu moja tu: unawala na mifupa yao. Minofu ya sangara, nyeupe na ya bei kubwa, haifiki hata 100. Sato ukimla ukatema miiba, kalsiamu umeiacha sahanini. Si kwamba sangara na sato hawafai. Protini yao ni muhimu sana, kwani karibu nusu ya ujazo wa mfupa ni protini, na mzee anayeshindia chai na kipande cha muhogo hajengi mfupa wala msuli. Ila kwa kalsiamu, dagaa ndiye mfalme. Nasikitika ninapomwona mama aliyejaliwa akimdharau kwamba ni chakula cha shida, akamwagia kuku.

Nunua waliokaushwa kwenye chanja au nyavu. Wa kuanikwa chini huja na mchanga. Ukipenda kutoa vichwa kwa sababu ya uchungu, toa, uti wa mgongo unabaki. Waoshe kwa maji ya vuguvugu, wakaange au wachemshe na nyanya, kitunguu na limau. Kwa mzee asiye na meno, wakaushe vizuri jikoni, watwange au wasage mpaka wawe unga laini, kisha tia vijiko viwili kwenye mboga au uji wa mchana. Wasiwe wa chumvi nyingi: chumvi ikizidi, figo hutoa kalsiamu kwenye mkojo, na presha nayo hupanda.

Supu ya makongoro je? Najua nitawaudhi wengi. Watu wanaamini ukichemsha mifupa usiku kucha, nguvu yote inahamia kwenye supu. Kalsiamu haitoki kirahisi hivyo. Inayoingia kwenye supu ni kidogo mno. Yale mapanki ya sangara nayo, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, ukichemsha ukanywa mchuzi, umepata ladha na protini kidogo. Kunywa supu yako kwa raha, usiihesabu kama dawa ya mifupa.

Nafaka nazo hazifanani. Mahindi yana kalsiamu kidogo sana. Ulezi una zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100, hauna mpinzani kati ya nafaka zetu. Uji wa ulezi uliochachushwa, au uliotengenezwa kwa ulezi ulioota kimea, ni bora zaidi, kwa kuwa kuchacha na kuota hupunguza kemikali inayoshikilia kalsiamu isiingie mwilini. Waliotufundisha kuchachusha togwa hawakuwa na maabara, ila walipatia.

Maziwa mabichi yakimjaza gesi, mpe mtindi. Wengi ambao tumbo lao linakataa maziwa ya moto huyapokea ya mgando bila shida, na kalsiamu ni ileile. Mboga za majani zina kalsiamu, ila mchicha una oksaleti nyingi zinazoifunga. Sukuma wiki na kabichi hazina tatizo hilo. Usiache mchicha, changanya tu. Na magadi ya kulainishia maharage au mlenda, punguza au acha kabisa: mara nyingi yana madini ya floraidi, na floraidi ikizidi kwa miaka mingi hufanya mifupa kuwa mizito kwenye picha lakini yenye kuvunjika.

Vidonge vya kalsiamu ni kwa asiyeweza kufikisha kiwango kwa chakula. Mwili haupokei vizuri zaidi ya miligramu 500 kwa mkupuo, kwa hiyo ugawe asubuhi na jioni. Anayetumia ARV zenye dolutegravir awe makini: kalsiamu ikimezwa pamoja nazo tumbo likiwa tupu, dawa haifyonzwi vizuri. Ama ameze vyote pamoja na chakula, ama ARV itangulie saa mbili kabla ya kalsiamu au ifuate saa sita baadaye. Awaambie wahudumu wa CTC, kliniki anakochukua ARV, kabla ya kuanza.

Hatua ya nne: jua

Vitamini D ndiyo inayofungulia kalsiamu mlango wa kuingia mwilini, na ngozi huitengeneza kwa jua. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, jua tunalo mwaka mzima. Hata hivyo, mzee anayeshinda ndani, au anayetoka akiwa amejifunika mwili wote, anaweza kupungukiwa.

Watu husema jua la dawa ni la saa moja asubuhi. Jua la saa moja ni zuri kwa moyo wa mtu, ila miale inayotengeneza vitamini D wakati huo ni hafifu. Kanuni rahisi: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua linafanya kazi. Kuanzia kama saa nne asubuhi, nusu saa hivi mikono na miguu ikiwa wazi, siku kadhaa kwa wiki, inamtosha mtu mweusi. Akichambua mboga au kuanika dagaa nje, ameshapata. Mwenye ualbino asijianike kwa sababu hii hata kidogo. Kwake saratani ya ngozi ndiyo hatari kubwa, na vitamini D ataipata kwa samaki au kidonge.

Hatua ya tano: mazoezi

Mfupa huimarika ukibebeshwa uzito. Kutembea, kupanda mlima, kucheza ngoma, kulima, vyote vinafaa. Mji wa vilima kama wetu ni uwanja wa mazoezi wa bure. Kuogelea kunasaidia moyo na mapafu lakini maji hubeba mwili, mfupa haupati kazi. Dakika 30 za kutembea kwa mwendo wa kueleweka, siku tano kwa wiki, ni lengo zuri.

Ongeza mazoezi mawili ya nyumbani. La kwanza, kaa kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, simama bila kujisukuma kwa mikono, kaa tena, mara 10. Anayeshindwa aanze kwa kujishika meza. La pili, shika meza, inua mguu mmoja, hesabu mpaka 10, badilisha. Hayo hujenga mapaja na kumfundisha mtu kutoyumba.

Aliyegundulika tayari kuwa na mifupa dhaifu asiiname kwa kukunja mgongo wala kujipinda kiuno kwa nguvu. Hapa ndipo kazi zetu za nyumbani zinapowaumiza wazee. Fagio fupi la chelewa lipate mpini mrefu. Beseni la nguo liwekwe juu ya benchi, yeye akae kwenye kiti. Dumu la lita 20 ni kilo 20: hilo asilibebe tena, achukue vigaloni viwili vya lita tano, kimoja kila mkono. Akiokota kitu, akunje magoti.

Hatua ya sita: kagua nyumba

Nimeiweka ya sita, lakini mwenye pesa na muda wa jambo moja tu wiki hii aanze na hili. Mzee haponzwi na mifupa dhaifu peke yake, huponzwa na kuanguka, na wengi huanguka nyumbani kwao wenyewe.

Anza usiku. Pita njia anayopita kwenda chooni, kwa giza lilelile, na kandambili zake mguuni. Utayaona mwenyewe: zulia lililokunjika, waya wa feni, kizingiti kisichoonekana, ndoo katikati ya njia. Viondoe. Mwekee taa ndogo ya sola au tochi pembeni ya mto. Choo kikiwa nje na mbali, potti chumbani usiku si aibu. Kandambili zilizolainika soli ni hatari. Mnunulie viatu vya kufunga nyuma. Khanga isiburuze.

Bafuni, sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikikutana na sabuni haina huruma. Ikwaruzwe iwe na makwaruzo, au weka mkeka wa mpira wenye kushika, na kiti cha plastiki imara aoge akiwa ameketi. Kwenye choo cha kuchuchumaa, fundi achimbie bomba la chuma ukutani, usawa wa mkono, ili ajishike akishuka na akiinuka. Ni kazi ya nusu siku, na sijaona matengenezo mengine ya nyumba yenye faida kubwa namna hiyo.

Halafu nje. Nyumba za Mabatini, Igogo au Isamilo zilizopandana na mawe zina ngazi zisizolingana, moja fupi, nyingine ndefu. Paka ncha za kila ngazi chokaa nyeupe zionekane jioni, na weka bomba la kushikia upande mmoja hadi barabarani. Mvua za vuli na masika zikianza, mawe huota ukungu wa kijani. Kwangua, na mzee apunguze kutoka mvua inaponyesha. Safari ya mjini, bajaji badala ya bodaboda, hasa ile ya kukaa upande.

Mwisho wa ukaguzi ni yeye mwenyewe. Mpeleke akapimwe macho, mtoto wa jicho anaondolewa. Kama anatumia dawa za presha na anapata kizunguzungu akiinuka, akae ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama, na daktari aambiwe.

Hatua ya saba: kipimo na dawa

Kipimo chenyewe ni DEXA, picha ya mionzi kidogo sana, haiumi. Majibu hutolewa kwa alama ya T, yaani mfupa wake ukilinganishwa na wa kijana mwenye afya. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1994, juu ya -1 ni sawa, kati ya -1 na -2.5 mifupa imepungua, -2.5 kushuka chini ni osteoporosisi. Si kila hospitali ina mashine hiyo, kwa hiyo uliza kwanza kwenye hospitali ya rufaa, Sekou Toure au Bugando, kabla ya kupanda gari kutoka Magu au Misungwi, na uliza pia kama bima italipia. X-ray ya kawaida huanza kuonyesha upungufu mfupa ukiwa umepotea kama asilimia 30, basi usitulie kwa kuwa X-ray ilisema "mifupa mizuri". Na aliyekwisha kuvunjika nyonga au pingili kwa kuanguka kidogo, daktari anaweza kumwanzishia dawa hata bila DEXA.

Dawa inayotumika sana ni alendronate, kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa wiki. Masharti yake hayana mchezo. Chagua siku moja, mfano Jumamosi. Akiamka, kabla ya chai, ameze kwa glasi nzima ya maji ya kawaida. Maziwa au chai vinaharibu kazi. Kisha abaki wima, ameketi au amesimama, nusu saa, asile wala kulala. Kidonge kikigandamana kwenye umio hutoboa vidonda. Asiyeweza kukaa wima, mwenye shida ya kumeza au figo dhaifu amweleze daktari, ipo dripu ya zoledronic acid ya mara moja kwa mwaka, ingawa nayo hutaka figo zipimwe kwanza. Meno mabovu yang'olewe kabla ya kuanza. Baada ya miaka kama mitano daktari huangalia upya kama aendelee au apumzike.

Hatua ya nane: akianguka

Akiwa chini, usimnyanyue kwa kumvuta mikono. Tazama miguu: mmoja ukiwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, na hawezi kuuinua, hesabu nyonga imevunjika. Asipewe chakula, huenda akahitaji kupasuliwa. Asichuliwe, asivutwe, asipelekwe kwa mganga wa kunyoosha mifupa. Nyonga haikai yenyewe, na kila siku kitandani inaleta vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda. Mfunge miguu yote miwili pamoja kwa khanga, mto ukiwa katikati, mlaze juu ya ubao au mlango, abebwe na watu wanne hadi kwenye gari. Bodaboda hapana.

Upasuaji unaofanyika ndani ya saa 48 huokoa maisha. Kwa walio ng'ambo, Sengerema na Geita, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa kusubiri kivuko. Walioko Ukerewe na visiwani wasingoje kukuche ndipo waanze kutafuta chombo. Piga simu kituo cha afya usiku huohuo.

Akishapasuliwa, asimame kwa msaada siku inayofuata kama daktari ameruhusu, hata kama analia. Na kabla hamjasaini karatasi za kuruhusiwa, wewe mtoto au mkwe uliyekaa naye wodini muulize daktari maswali matatu: ataanza lini dawa ya kuimarisha mifupa, atapata wapi mazoezi ya viungo, na lini arudi kliniki. Aliyevunjika mara moja yuko kwenye hatari kubwa ya kuvunjika tena, hasa ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na wengi huruhusiwa wakiwa na chuma kwenye nyonga na paracetamol mfukoni, bila neno lolote kuhusu ugonjwa uliowafikisha pale.